Karani wa Mwalimu Wairimu

Mwalimu,

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimekula, nimeketi mezani na kalamu, na nimekasirika. Naona nikuambie hilo mwanzoni kwa sababu hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Mteja akianza na habari za mvua ulimkata: "Ni suruali au ni sketi?" Basi hii ni suruali, Mwalimu. Nimekuonea wivu miaka ishirini na miwili. Ulipokufa nilidhani wivu utaondoka nawe, kama mtu mwenye jino bovu anavyongoja ling'olewe apumzike. Jino limeng'olewa, liko chini ya udongo wa kwenu Murang'a, na shavu bado linauma.

Unakumbuka tulivyokutana? Nilikuja kibandani kwako nyuma ya soko la Makongeni na suruali iliyonizidi urefu. Nilikuwa nimeandikwa kazi ya ukarani kwenye stoo ya maturubai huko viwandani na nilitaka nionekane mtu. Ulikuwa umebana pini midomoni, unakanyaga cherehani, na katikati ya zile pini unaimba. Mimi baba yangu dereva alinilea katika kwaya, sol-fa niliijua kama wenzangu walivyojua baiskeli. Nikatoa karatasi mfukoni nikaandika ulichokuwa ukiimba, do, re, mi, bila hata kufikiri. Cherehani ikasimama.

"Hizo ni hesabu gani?"

"Ni wimbo wako."

"Soma."

Nikauimba. Ulitoa pini moja moja mdomoni ukazichoma kwenye mkono wa blauzi. Ukaniambia kichwa chako kimetoboka, wimbo wa asubuhi jioni haupo, na kwamba umepoteza nyimbo nyingi kuliko ulizowahi kuimba mbele ya watu. Kisha ukasema, "Rudi kesho. Uje na daftari."

Nikarudi kesho. Nikaendelea kurudi, kila jioni nikitoka kazini, mpaka wakanizoea hata paka wa sokoni.

Siku hizi watu wanasimulia maisha yako, na wanayasimulia vizuri. Wanasema ulizaliwa kwenye nyumba za reli, binti wa fundi wa njia ya treni ambaye Jumapili alipiga kodiani kwenye ngoma ya mwomboko. Wanasema ulijifunza kodiani kwa kumchungulia vidole dirishani, kwa sababu alisema si chombo cha msichana. Wanasema hukusoma noti hata moja, na bado ulitunga michezo saba ya kuimbwa mwanzo hadi mwisho, ukawapandisha jukwaani wapishi, mabawabu na wauza mitumba wa mitaa hii, wakaimba maisha yao wenyewe hadi ukumbi wa kanisa ukakosa pa kusimama. Yote ni kweli. Nilikuwepo. Ila hakuna anayemtaja mtu aliyekuwa ameketi kwenye debe lililopinduliwa kando ya cherehani, akiandika.

Siku ya kwanza tulipoonyesha "Foleni ya Mfereji" ulisimama mbele, ukawataja waimbaji wote, halafu ukanielekezea mkono ukasema, "Na huyu ni karani wangu." Watu wakacheka, kicheko kizuri tu. Jina likanishika. Wakawa wananiita hivyo hadi dukani: Karani wa Mwalimu. Mchana nahesabu maturubai, jioni naandika nyimbo za mtu mwingine, na pande zote mbili mimi ni karani. Mke wangu Mueni alikuwa akiniona nikivua viatu mlangoni anajua kama umeniita hivyo siku hiyo. Alikuwa ananipakulia chakula bila kuniuliza.

Nikwambie kilichoniuma hasa. Si jina. Ni kwamba kwako wimbo ulikuja kama chafya. Unashona kola ya mtoto wa shule, unainua kichwa, na umeshapata kitu ambacho mimi ningekitafuta mwaka mzima. Nilijaribu, unajua. Miezi mitatu niliandika wimbo wangu. Niliupima kila kona, nikauleta kibandani nikauimba mbele yako nikiwa nimesimama wima kama niko kwenye mashindano. Ulisikiliza mpaka mwisho huku ukikunja upindo wa gauni. Ukasema, "Ni safi, Kyalo. Hauna doa." Kisha ukaniambia, "Sasa andika huu," ukaanza kuimba wa kwako.

Hauna doa. Ungeniambia ni mbaya ningelala vizuri.

Sasa nifike kwa ile noti, ambayo sikukwambia ukiwa hai.

Ilikuwa kwenye huohuo mchezo wa kwanza, wimbo wa yule mama anayeacha ndoo yake kwenye foleni imshikie nafasi, anaenda kumwangalia mtoto mgonjwa, akirudi anakuta ndoo imesukumwa na mfereji umekauka. "Ndoo yangu ilikuwa mbele, mimi nikabaki nyuma." Wewe uliumaliza kwenye do. Do ndiko wimbo hupumzika, kama mtu aliyefika kwake akaketi. Ulikuwa unamaliza nyimbo zako zote hivyo, nyumbani. Nilikuwa nimekunywa chai yako, nimekaa kwenye debe langu, na asubuhi hiyo, kabla hata ya lile onyesho, ulikuwa umeshaniita karani mbele ya mchungaji. Nikaandika so. Nikauacha ule mwisho juu, haujatua, kama mtu anayesubiri kuitwa. Sikufanya kwa sanaa, Mwalimu. Nilitaka ndani ya wimbo wako kuwe na kitu kimoja ambacho si chako.

Nikaifundisha kwaya hivyo, maana ni mimi niliyewasomea.

Siku ya maonyesho, mwimbaji alipofika pale akabaki juu, ukumbi mzima ulitulia. Hata watoto. Baadaye mzee mmoja wa reli, mstaafu, alikushika mikono yote miwili akakuambia, "Pale mwisho, pale anapobaki hewani, ndipo nimelia." Ulimshukuru. Mimi nilikuwa nyuma yako nimebeba madaftari. Hukugeuka. Nikasema moyoni, hajasikia. Ameimbiwa wimbo wake mwenyewe hajui umebadilika. Na ule wivu wangu ukapata raha ndogo chafu: kumbe sikio ni langu.

Tangu siku ile sikuacha. Mchezo baada ya mchezo, hapa naondoa neno, hapa naongeza pumziko, hapa sauti ya pili inaenda mahali hukuituma. Watu wakasema nyimbo zako zinazidi kukomaa. Nilikuwa nazisikia sifa hizo nikiwa nakunja viti. Mara nyingi nilitaka kupaza sauti, na kila nikitaka nilijua nitakachokuwa nikisema: kwamba mimi ni mwizi. Basi nikakunja viti.

Halafu akaja Awino.

Mguu ulikuwa umeanza kukusumbua kwa sukari, huwezi tena kukanyaga cherehani. Mwanao Gitau akakuwekea kiti mlangoni pa nyumba, nawe ukawa unatungia hapo. Awino alitoka Dandora, mwanamke mzima wa miaka thelathini na kitu, ameimba na wale vijana wa muziki wa kufoka huko, sauti kama amekunywa moshi na asali. Hakujua sol-fa. Alikuja na simu yake, akaiweka magotini pako ikunase ukiimba. Mimi nikitoka kazini nawakuta mmefika mbali. Miaka yote hiyo nilikuita Mwalimu. Yeye wiki ya pili alikuita Shosh, kama bibi yake, nawe ukacheka ukamwambia, "Lete hiyo kodiani hapo ndani." Kodiani ya baba yako! Sijawahi kuipiga. Nilikuwa naipangusa vumbi tu.

"Niaje, Mzee Kyalo," alikuwa ananisalimia, anasogea nipate pa kukaa. Alikuwa na adabu. Hilo nalo nilimchukia.

Nilikuwa nikimwona ameinama, sikio karibu na mdomo wako, nami ninahesabu ni mara ngapi umecheka tangu nifike. Mtu wa miaka hamsini na nne. Mueni aliniambia waziwazi, "Ungekuwa unamfuatilia mwanamke hivyo ningeelewa. Sasa unamfuatilia bibi mgonjwa na kodiani." Nilijua ana haki.

Ulikufa asubuhi, mvua za masika zikiwa zimeanza. Gitau aliwapigia simu watu wengi, nami nikiwa miongoni mwao. Sijui nilikuwa wa ngapi. Nimejizuia nisimuulize.

Kaburini Awino aliimba. Mimi niliombwa nisome salamu za rambirambi kutoka kwa waliokosa kufika, kazi ya karani. Nilizisoma vizuri, nikatamka kila jina. Nilipoketi chini ndipo nikaona jeneza lako likishuka... hapana, hilo litaniharibia barua. Nilikulilia, Mwalimu. Ndugu zako wanajua.

Wiki mbili baadaye Gitau akatuita mimi na Awino nyumbani kwako. Akatuwekea chai. Akasema uliacha neno: kodiani apewe Awino. Nikangoja. Akanigeukia, mtoto wa watu, aibu imemjaa usoni, akasema, "Na wewe Mzee, Mama alisema madaftari ubaki nayo."

Nibaki nayo. Madaftari kumi na nane yaliyokuwa nyumbani kwangu tayari, niliyoyanunua mwenyewe, niliyoyaandika mwenyewe. Yaani nilirithi mwandiko wangu. Nilimshukuru Gitau, nikamaliza chai, nikatembea mpaka kwangu bila kukumbuka nimepita njia gani.

Mwaka ulipokaribia kufika, watu wa mtaa wakaamua kuonyesha tena "Foleni ya Mfereji" kwa kumbukumbu yako, Awino akawa kiongozi. Alikuja kwangu kuomba daftari la kwanza. Nilimwambia nitalitafuta. Lilikuwa juu ya kabati, naliona kutoka pale nilipoketi. Nilimzungusha wiki tatu. Mara ya nne Mueni ndiye aliyesimama akalishusha, akampa, akarudi jikoni. Nikaona aibu, nikaenda mazoezini ili angalau nionekane nimelitoa kwa kupenda.

Jumamosi moja, alasiri, ukumbi wa kanisa, kwaya ya watu ishirini. Wanafika mwisho wa ule wimbo, wanaimba so, wanabaki juu. Awino akainua mkono.

"Mzee Kyalo, hapa daftari linasema so. Mimi nina Shosh kwenye simu akiimba huu wimbo. Yeye anashuka do." Hakuwa na ubaya usoni. "Nani alibadilisha?"

Watu ishirini wakanigeukia. Wengine niliwafundisha wakiwa watoto. Mwalimu, sijawahi kuogopa namna ile, na ndani ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinaruka, kinataka kutoka. Miaka ishirini na zaidi nilingoja mtu mmoja asikie. Sasa amesikia, na ni yeye.

"Ni mimi," nikasema.

Awino akaiweka kodiani kitini, akawaambia wengine waende wakanywe chai. Walipotoka akavuta kiti akaketi karibu nami.

"Nilijua," akasema. "Nilitaka tu useme mwenyewe. Sikiza hii."

Akabonyeza simu. Kwanza nikasikia makelele ya mtaa, mtu anauza mayai, halafu wewe. Kikohozi chako. Nilikuwa sijasikia sauti yako mwaka mzima. Awino kwenye simu alikuwa anaimba ule mwisho, anashuka do kama wewe, nawe ukamkatiza. Nimesikiliza maneno hayo mara nyingi hadi nimeyashika, nayaandika kama ulivyoyasema:

"Hapo usiimbe kama mimi. Mimi nashuka kwa sababu nimezoea. Imba vile Kyalo ameandika. Alinibadilishia siku ya kwanza kabisa. Nilisikia nikakasirika, nikataka kumfukuza, halafu nikamwona yule mzee analia. Nikasema wacha. Tangu siku hiyo namwachia nafasi. Mimi nina nyimbo, lakini sikio ni la Kyalo."

Awino akakuuliza, kwa nini humwambii?

Yule wa mayai akapita tena. Ukasema, "Akijua najua ataanza kuniomba ruhusa. Mtu akiomba ruhusa hathubutu tena. Usimwambie mpaka niende."

Simu ikaishia hapo.

Nililia mbele ya Awino, na hakunigusa, alitazama tu dirishani mpaka nikamaliza. Ilikuwa heshima, naijua sasa. Lakini Mwalimu, nikufungulie moyo. Sikulia kwa furaha peke yake. Umenisifu mara moja katika maisha yako, na ukanisifu kwa mtu mwingine. Ukaniacha nijidhanie mwizi kumbe umeacha mlango wazi na umeketi ndani unanisikiliza nikiingia. Labda ulikuwa na haki. Labda ungeniambia mapema ningekuwa mwoga, ningeandika safi, bila doa. Ninalifikiria hilo kila siku na sijapata jibu. Nilichokipata ni kwamba namwonea Awino wivu hata kwa hayo: kwamba alikuwa na maneno hayo mfukoni mwaka mzima, akitembea nayo Jogoo Road, nami sina.

Awino aliandika majina yetu mimi na wewe kwenye karatasi ya maonyesho: nyimbo za Mwalimu Wairimu na Kyalo. Nilimwambia aondoe. Halafu nikamwambia aache. Halafu nikamwomba aniongezee karatasi tano za kuweka nyumbani.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wale waliokuwa watoto wa mchezo wa kwanza walikuja na watoto wao. Niliketi katikati ya watu badala ya nyuma, nimevaa koti. Mwimbaji akafika mwisho, akabaki juu. Kimya kikaja kilekile. Mama mmoja aliyeketi kando yangu, simjui, akafuta macho kwa leso akasema polepole, "Yule Mwalimu alikuwa na sikio."

Nikamwinamia nikamwambia, "Hiyo noti ni yangu, mama."

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Akachukua mkoba wake uliokuwa kati yetu, akauhamishia upande wa pili. Nilicheka, Mwalimu. Nilicheka mpaka Mueni akanifinya. Nadhani wewe ungecheka zaidi.

Basi ndivyo mambo yalivyo. Kibanda chako sasa kinauza viatu vya mitumba. Gitau amepata mtoto wa kike na amempa jina lako, na ana mapafu, akilia mtaa mzima unasikia. Watu wa Kaloleni wameomba mchezo uende kwao. Awino anaipiga kodiani vizuri kuliko nilivyotaka.

Sasa naye ameanza kutunga. Aliniimbia kipande juzi, pale nje kwetu, na kwa mara nyingine nilisikia ile chafya, ule urahisi. Ananiomba nimwandikie. Mueni ameniuliza kama nimerogwa kurudi palepale.

Nimekubali. Siwezi kukuahidi kwamba sitamwonea wivu, maana namwonea tayari, na hata wewe nitakuonea mpaka siku watakaponilaza kando ya watu wangu kule Machakos. Ninachokuahidi ni hiki. Nitauandika kwanza jinsi anavyouimba, noti kwa noti. Pale nitakapoona unataka kwenda kwingine, nitamwambia usoni, akatae au akubali. Na akiimba vizuri, nitamwambia siku hiyohiyo, akiwa mbele yangu ananisikia, hata kama itaniuma. Sitamfanyia ulivyonifanyia.

Pumzika sasa. Ulikuwa mkubwa kunishinda, na nilikupenda, na nimeyaandika hayo mawili kwenye mstari mmoja bila kukata kitu. Awino anakuja Jumamosi saa tisa. Nimemnunulia daftari.

Wako,
Kyalo